Mchora Vibonzo Anakula Wapi?

Kwenye meza za magazeti za Dar es Salaam kuna wasomaji wasionunua. Wanasimama, mikono nyuma, wanapitia vichwa vya habari vya kurasa za mbele, kisha wanaondoka na siasa yote ya siku hiyo bila kutoa hata senti. Anayenunua naye ana mazoea yake. Mara nyingi huanza na michezo, akitoka hapo anatafuta kibonzo, na tahariri ambayo mhariri ameitolea jasho inasubiri zamu ambayo huenda isifike. Mchora vibonzo basi ni miongoni mwa watu wanaosomwa zaidi ndani ya gazeti, na papo hapo ni miongoni mwa wale ambao hatujui wanaishije. Analipwa kwa mwezi au kwa kipande? Mchoro ukishachapwa ni wa nani? Akikosana na bosi leo, kesho anaamka na nini mkononi?

Hatuyaulizi haya kwa sababu tumezoea kumwona kwa sura mbili tu: ama mcheshi wa kuchangamsha baraza, ama shujaa wa kuwasuta wakubwa. Zote mbili zina ukweli, ila hazielezi kwa nini mmoja hudumu kazini miaka 30 na mwenzake, pengine mwenye mkono mwepesi kuliko wake, akaishia kuchora mabango ya saluni. (Mabango ya saluni si aibu. Yanalipa haraka kuliko magazeti mengi.) Nikiitazama historia ya kazi hii Tanzania, Kenya na Uganda, naona jibu moja likijirudia: aliyedumu ni yule aliyekuwa na kitu chake mwenyewe, awe mhusika, awe jarida, au kipato ambacho mhariri hana uwezo wa kukikata.

Tuanze na wahusika, maana ndio urithi wetu mkubwa. Edward Gitau alimwanzisha Juha Kalulu miaka ya 1950, na Juha akaendelea kujitia matatani mbele ya wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Likaja jarida la Sani, lililopata jina kutokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, likawaleta akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe na yule mtoto mtukutu Madenge. Waliokuwa shuleni miaka hiyo wanajua jinsi nakala moja ya Sani ilivyoweza kuzunguka darasa zima mpaka jalada likachanika, huku mwalimu akiwa wa mwisho kuisoma.

Sasa tazama yaliyowapata waliowachora. Chakubanga alikuwa ndani ya gazeti la chama tawala, na chama ndicho kilichokuwa mwenye nyumba. Philip Ndunguru, kijana aliyewapa wahusika wa Sani sura na mwendo wao, alifariki katika miaka ya 1980 akiwa bado mbichi. Wahusika hawakuzikwa naye. Waliendelea kutoka, wakachorwa na mikono mingine, ukiwamo wa John Kaduma, na msomaji wa kawaida aliyekuwa akisubiri toleo lijalo hakuwa na haja ya kujua kwamba mchoraji amebadilika. Kwa jarida hiyo ilikuwa neema, na kwa msomaji pia. Kwa mchoraji anayeanza leo ni onyo: mhusika uliyemzaa anaweza kuishi vizuri tu bila wewe.

Kinyume chake ni Ali Masoud. Nchi nzima inamwita Masoud Kipanya, kwa jina la panya wake mdogo anayesema lile ambalo wakubwa kwenye mchoro hawalisemi. Hapo mchoraji na mhusika wamekuwa kitu kimoja. Jina hilo limemfikisha kwenye maikrofoni ya Clouds FM, likawa nyuma ya kipindi cha Maisha Plus ambacho yeye ni mmoja wa waanzilishi wake, na mwaka 2022 likawekwa hata kwenye gari dogo la umeme alilolizindua. Mtu anaweza kulicheka gari hilo, na wapo waliocheka, lakini fikiria upande wa pili. Ni vigumu hata kuwazia gazeti likimtimua Masoud huku likibaki na panya. James Gayo alifuata njia iliyokaribiana na hiyo alipomtoa Kingo kwenye mistari ya vibonzo vya gazetini akamfanya jarida zima. Na kabla yao, James Tumusiime, Mganda aliyemchora Bogi Benda katika Daily Nation, alirudi kwao akaanzisha kampuni ya Fountain Publishers. Mtu aliyewahi kusubiri mhariri aamue hatima ya mistari yake akawa yeye ndiye mwenye kuamua vitabu vya wengine.

Si kila aliyejaribu kumiliki alifanikiwa. Joe, jarida la ucheshi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Terry Hirst pamoja na Hilary Ng'weno, lilikuwa shule ya wachoraji wengi, na halikuimaliza miaka ya 1970 likiwa na nguvu. Jarida la kuchekesha linahitaji karatasi, wino, matangazo na wauzaji wa mitaani wanaorudisha fedha kwa wakati, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochekesha.

Siku ya kazi yenyewe ikoje? Chukua siku ambayo kila mchoraji wa Tanzania anaijua kabla haijafika: Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta. Hakuna ugumu wa kupata habari, kwa kuwa habari ipo. Ugumu ni kwamba ilikuwapo pia mwezi uliopita, na mwaka uliopita, na kila kichekesho cha pampu, ndoo na kidumu kimekwisha kuchorwa. Asubuhi mchoraji anasikiliza redio, anapita mitandaoni kuona watu wanalalamikaje, kisha anaingia kwenye kikao cha wahariri na karatasi mbili tatu za penseli.

Tuseme moja inamwonyesha dereva wa bodaboda akisukuma pikipiki kwa miguu, abiria ameketi nyuma na mkoba mapajani kama kawaida. Katika mchoro wa kwanza kuna mambo mengi. Kuna kituo cha mafuta chenye ubao wa bei, kuna waziri dirishani akichungulia, pikipiki imeandikwa "UCHUMI" ubavuni, na abiria ana sentensi ndefu kuhusu ugumu wa maisha. Mhariri anasema waziri atoke, na wote mezani wanajua kwa nini, hakuna anayeuliza. Mchoraji anakubali kwa shingo upande, halafu akirudi kwenye meza yake anagundua kwamba waziri hakuwa na kazi pale. Anafuta na neno "UCHUMI", maana msomaji si mtoto. Anafuta kituo cha mafuta. Sentensi ya abiria inapungua mpaka inabaki, "Mbona nauli imepanda?" na dereva, bila kugeuka, anajibu, "Ya kusukuma ndiyo hiyo." Kilichobaki ni watu wawili na pikipiki, na hicho ndicho kitakachokatwa na kubandikwa kwenye kioo cha duka.

Nimeketi kwenye vikao vya namna hiyo nikiwa upande wa maneno, si wa picha, na jambo lililonishangaza siku zote ni kiasi cha kazi kinachotumika kuondoa. Sisi waandishi tunalipwa kwa kuongeza. Mchora vibonzo anafuta, na kwa kuwa kinachofutwa hakionekani, mhasibu anaona mchoro wa mistari 20 na kuamini ulichukua dakika 20. Imani hiyo ndiyo inayopanga malipo.

Sura za watu mashuhuri nazo zina ufundi wake, na hapa watu hudhani siri ni kukuza pua. Pua kubwa ni ya anayejifunza. Mwenye kuijua kazi huangalia nafasi: umbali kati ya pua na mdomo, upana wa paji la uso, shingo inavyoingia mabegani, mtu anavyosimama akiwa amechoka. Ndiyo maana mchoraji mzuri anaweza kumchora mtu kwa mgongo na ukamtambua. Rais mpya anapoingia madarakani, miezi ya mwanzo ni ya taabu kwa wachoraji wote. Kila mmoja anatafuta, wanachunguliana kazi, mpaka siku moja mtu anapata alama ambayo nchi nzima inaikubali, na baada ya hapo hakuna anayeweza kumchora kwa namna nyingine. Moi alikuwa na rungu lake. Uhuru Kenyatta na William Ruto, wakati wa kesi zao za The Hague, walitembea ndani ya vibonzo vya mchoraji Gado wakiburuta mipira ya chuma iliyofungwa miguuni kwa minyororo.

Lakini kabla ya kuitafuta alama, lazima uruhusiwe kuchora. Kenya ya chama kimoja haikuwa mahali pa kumchekesha rais kwa sura yake gazetini. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991, ndipo kalamu zilipoanza kusogea karibu, kwanza kwa woga, kisha kwa pupa. Tanzania iliruhusu vyama vingi mwaka 1992, na magazeti binafsi yakafumuka, ya siasa na ya udaku. Kila gazeti jipya lilihitaji kibonzo, na vijana waliokuwa wakichora kwenye madaftari ya shule wakajikuta wana kazi. Mwaka huo huo wa 1992 kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akisoma usanifu majengo pale Chuo cha Ardhi, Godfrey Mwampembwa, aliacha masomo akaenda Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation kwa jina la Gado.

Wanawake walikuwa wachache na bado ni wachache. Celeste Wamiru alipoanza kuchora vibonzo vya siasa kwenye gazeti la The People la Kenya, hakuwa na mwanamke wa kumtangulia katika meza kama hiyo nchini mwake. Sababu si mkono. Kikao cha wahariri kilichojaa wanaume kina vichekesho vyake, na vingi vya vichekesho hivyo vinamhusu mke, mkwe au hawara. Anayeketi pale kama mhusika wa kichekesho hapati nafasi rahisi ya kuwa mtungaji wake.

Turudi kwenye fedha. Kuna mchoraji mwenye ajira na mshahara, na huyo ni wa bahati. Wengi hulipwa kwa kipande, na kipande kisipotumika hakilipwi hata kama kilichorwa kwa agizo. Siku tangazo la ukurasa mzima linapoingia dakika za mwisho, kibonzo ndicho kitu cha kwanza kuondolewa, na siku hiyo mchoraji amefanya kazi bure. Kwa hiyo gazeti huwa ni mahali pa kuonekana, na chakula hutafutwa kwingine.

Kwingine huko, kwa muda mrefu, kulikuwa ni mashirika yasiyo ya kiserikali. Kizazi cha miaka ya 1990 na 2000 kililelewa na vijitabu vya UKIMWI, vyandarua, elimu ya mpiga kura na haki za ardhi. Kazi ilikuwa nyingi, malipo yalikuja kwa hundi, na posho ya warsha ilikuwa juu yake. Sitaki kuidharau kazi hiyo, maana vijitabu vile vilifika vijijini ambako gazeti halikufika, na vilisomwa. Ila viliharibu kitu. Katika kijitabu cha mradi, mhusika hawezi kunywa bia ukurasa wa pili bila kuadhibiwa ukurasa wa sita. Mpumbavu lazima aelimike, mlevi lazima aache. Ndumilakuwili hakuwahi kuelimika hata siku moja, na ndiyo sababu tulimnunua tena. Ukizitazama kazi za baadhi ya wachoraji waliokaa muda mrefu kwenye miradi, utaona mkono umekuwa safi zaidi na kichekesho kimekuwa cha kihubiri. Kodi ya nyumba ililipwa, lakini kwa gharama hiyo.

Kuna pia harusi, mikutano na maonyesho, ambako mchoraji anaketi pembeni na kuchora sura za wageni papo kwa papo, dakika chache kwa kila mmoja. Inaonekana kazi nyepesi. Kumbe ni humo anamokutana na mteja mgumu kuliko waziri yeyote: mtu anayesema, "Nichore, lakini usiniharibu." Anataka kichekesho, ila si juu yake. Wachoraji wa kazi hiyo wana mbinu zao. Wanakuza kitu ambacho mteja anajivunia, tabasamu, kilemba, misuli, au simu ya gharama, na kile anachokionea aibu wanakipitia juu juu. Ni siasa kamili, na hufanywa kwa kusimamiwa na shangazi wa bibi harusi.

Wachache wametumia mkono wao kwa jambo lisilolipa kabisa. Nathan Mpangala, ambaye watazamaji wa ITV wanamjua kwa vibonzo vyake vya kwenye runinga, amekuwa akienda hospitali ya Muhimbili kuchora pamoja na watoto wanaotibiwa saratani, katika mradi alioupa jina Wafanye Watabasamu. Na kwa upande wa waliotoka mbali, Frank Odoi alitoka Ghana akahamia Nairobi, akatupatia vibonzo vya Golgoti na Akokhan, akawafunza wengi, na akafariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu jijini humo. Alisafiri kama walivyosafiri wasomaji wake.

Sasa sheria, ambayo wachoraji wengi huisoma wakiwa wamekwisha kuumia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote zinamtambua mchoraji kuwa mtunzi, na zote zinampa haki ya kutajwa jina. Lakini kazi iliyofanywa ndani ya ajira, haki zake za kiuchumi huenda kwa mwajiri isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kenya imekwenda mbele zaidi: hata kazi ya kuagizwa, iliyofanywa na mtu asiye mwajiriwa, huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza iwapo hakuna makubaliano ya kuzuia hilo. Kwa maneno ya mtaani, mchoraji wa kujitegemea wa Nairobi aliyekubaliana kazi kwa simu, bila karatasi, anaweza kuwa ameuza mhusika wake bila kujua kuna mnada.

Sheria haikufichwa, na mstari mmoja katika mkataba unatosha kuibadili hali hiyo: kwamba gazeti linanunua haki ya kuchapa mara moja, na mhusika anabaki kwa mchoraji. Wahariri niliowahi kuzungumza nao hawakuupinga mstari huo. Wengi walisema hakuna mchoraji aliyewahi kuuomba.

Teknolojia imeongeza tatizo ambalo halizungumzwi sana. Zamani kulikuwa na karatasi. Mchoraji alichora kwa penseli, akapitia kwa nibu na wino mweusi, akafuta penseli, karatasi ikapigwa picha kiwandani au ikaingizwa kwenye skana, na jioni ikarudi kwake. Karatasi hiyo aliweza kuiuza, kuitundika kwenye maonyesho au kuwaachia watoto. Anayechora kwenye tableti anapata kasi, anapata rangi, anafuta bila kuacha alama, na mwisho wa siku ana faili ambalo gazeti nalo linalo, sawa kabisa na lake. Kitu pekee cha mkononi kilichokuwa chake bila ubishi kimetoweka.

Kisha kuna hatari ya kunyamazishwa. Januari 2015 ilikuwa na matukio mawili. Paris, watu wenye bunduki waliingia kwenye ofisi za jarida la kejeli la Charlie Hebdo wakaua watu 12, wakiwamo wachoraji mashuhuri. Dunia nzima ikazungumza juu ya kalamu na risasi. Mwezi huo huo serikali ya Tanzania ililizuia gazeti la The EastAfrican kusambazwa nchini, kwa maelezo kwamba halikuwa limesajiliwa. Nyuma yake kulikuwa na malalamiko juu ya kibonzo cha Gado kilichomwonyesha Rais Kikwete akistareheshwa na wanawake ambao kila mmoja alibeba jina la uovu mmoja wa utawala. Gado akawekwa na waajiri wake wa Nation kwenye likizo ndefu, na mwaka 2016 mkataba wake haukuendelea. Amesema hadharani kwamba ilikuwa ni shinikizo la kisiasa.

Yote mawili ni kumnyamazisha mchoraji, ila njia hazifanani. Silaha ya ukanda wetu kwa kawaida ni karatasi: leseni, usajili, barua, mkataba usioongezwa. Haitoi damu wala haina picha ya kuonyesha kwenye runinga, na mara nyingi haihitaji hata kutumika, kwa kuwa mhariri anaisikia ikija. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi kwa sababu ya video fupi ya katuni iliyogusa suala la watu kupotea na kumhusisha Rais Samia. Video moja, na leseni za kampuni nzima. Mhariri anayemwambia mchoraji "waziri atoke" anapiga hesabu hiyo kichwani, na kumwita mwoga ni kurahisisha mno.

Gado alifanyaje? Alihamia The Standard, na mwaka 2016 alipata tuzo ya kimataifa ya Cartooning for Peace pamoja na Zunar wa Malaysia. Lakini kabla ya yote hayo, tangu 2009, alikuwa na The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya wanasiasa wa Kenya kilichotengenezwa na kampuni aliyoshiriki kuianzisha. Barua ya gazeti ilipokuja, tayari alikuwa na mlango wa pili. Kipindi hicho kilitegemea sana fedha za wafadhili, kwa hiyo nacho kilikuwa na bosi wake wa mbali. Hata hivyo, mabosi wawili wasiofahamiana ni nafuu kuliko mmoja.

Jimmy Spire Ssentongo wa Uganda ana mlango wa aina nyingine. Ni mhadhiri wa chuo kikuu, na vibonzo vyake katika The Observer si mshahara wake wote. Mwaka 2023 aliwaalika wananchi mtandaoni waonyeshe mashimo ya barabara za Kampala, yakamiminika mashimo ya kila mtaa mpaka serikali ikalazimika kujibu. Akaendelea na hospitali, na baadaye Bunge. Kazi hiyo ina vitisho vyake, lakini hakuna meneja wa matangazo anayeweza kumpigia simu.

Na hapo ndipo wachoraji wa mitandaoni wanaponitia hofu. Mtandao umewaondolea mhariri, na kwa mara ya kwanza kijana mwenye tableti ya mkopo anaweza kusomwa na watu wengi kuliko wanaonunua gazeti. Ila mhariri alikuwa na pande mbili: alikata, na alikinga. Gazeti lina mwanasheria, lina wakubwa wenye namba za simu za wakubwa wengine, lina chama cha waandishi. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania ziliweka ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa jumla, fedha ambayo mchoraji wa kawaida hana. Septemba 2021 mchoraji Optatus Fwema alikamatwa Dar es Salaam kwa kibonzo cha Rais Samia alichokiweka Instagram. Desemba 2024, Nairobi, Gideon Kibet, kijana wa miaka ya 20 anayejulikana kama Kibet Bull kwa michoro yake ya vivuli vya Rais Ruto, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Waandamanaji waliingia barabarani, Mahakama Kuu ikatoa amri, na mwanzoni mwa Januari 2025 akapatikana akiwa hai. Waliompigania walikuwa wafuasi na mawakili wa kujitolea. Hakuwa na kampuni ya kusema, "Huyu ni wetu."

Watu huniuliza kuhusu akili mnemba, kama programu za kuchora zitaua kazi hii. Kwa upande wa vijitabu na mabango, zimekwisha kuanza kula, na nadhani kazi hizo hazitarudi. Kwa kibonzo cha siku, bado. Programu inaweza kumchora dereva wa bodaboda akisukuma pikipiki. Kuamua kwamba waziri hana kazi dirishani, na kwamba "Ya kusukuma ndiyo hiyo" inatosha, kunahitaji mtu aliyewahi kulipa nauli hiyo.

Kwa mchoraji kijana basi, kabla ya tableti mpya, nunua muda wa saa moja wa mwanasheria. Mpe mhusika wako jina, mweke kwenye kazi zako zote kwa tarehe, mwandikishe COSOTA au kwa ofisi ya hakimiliki ya nchi yako, na uombe ule mstari mmoja kwenye mkataba hata kama mhariri ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako. Kwa mhariri: siku tangazo linapomwondoa, mlipe. Na kwako msomaji, ambaye huenda kibonzo cha leo kimekufikia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, tazama kona ya chini. Kama sahihi ya mchoraji imekatwa, usikisambaze hicho. Itafute nakala yenye jina, tuma hiyo.